Je, intaneti inaweza kuamka siku moja na kujitambua?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofikiri peke yake, fahamu hutokea zinapounganishwa. Intaneti nayo imeunganisha mabilioni ya kompyuta na simu, na kila mwaka zinazidi. Je, haitafika siku nayo iamke na kujitambua? Au pengine imekwisha kuamka, ila sisi tulio ndani yake hatuwezi kujua?"

Ndugu msomaji, maswali yako ni mawili na nitayajibu yote, lakini nisikuweke roho juu: kwa namna intaneti ilivyojengwa, sioni kwamba itaamka, hata ikikua mara elfu. Wala sababu yangu si ile unayoisikia mara nyingi, kwamba mashine ni mashine na haiwezi kuwa kingine. Nakubaliana nawe kwamba seli moja ya neva haina fahamu na kwamba ubongo mzima unayo. Tunapoachana ni pale unapochukulia kwamba kilicholeta tofauti ni kule kuunganishwa tu. Kuunganishwa kuna aina nyingi, na aina waliyoichagua wahandisi wa intaneti inakaribia kuwa kinyume cha ile iliyomo kichwani mwako.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Fahamu si werevu. Kikokotoo kinamshinda profesa yeyote kwa kuzidisha namba, na hakuna anayedhani kwamba kinafurahi kikipata jibu. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1974 alipouliza ikoje kuwa popo. Kiumbe kina fahamu ikiwa kuna namna fulani ya kujisikia kuwa kiumbe hicho, kwa upande wake mwenyewe: kuona rangi nyekundu, kuumwa jino, kuchoshwa na hotuba ndefu. Kwa hiyo hatuulizi kama intaneti inaweza kufanya mambo ya ajabu. Inayafanya kila siku. Tunauliza kama yupo yeyote humo ambaye mambo hayo yanamtokea.

Sasa tuiangalie ile idadi. Bilioni 86 ni hesabu nzuri. Ilitolewa mwaka 2009 na watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, baada ya vitabu kurudia kwa miaka mingi kwamba ni bilioni 100 bila mtu kueleza namba hiyo ilipatikanaje. Lakini katika hesabu hiyohiyo kuna jambo ambalo watu huliruka. Kati ya seli hizo, zipatazo bilioni 69 ziko kwenye serebela, sehemu iliyo nyuma ya kichwa kwa chini, juu kidogo ya shingo. Gamba la ubongo, lile tabaka la nje lenye mikunjo mingi, lina takriban bilioni 16 tu. Kama fahamu ingefuata wingi, ingekaa kwenye serebela. Haikai huko. Mwaka 2014 madaktari nchini China waliripoti habari za mwanamke wa miaka 24 ambaye hakuwa na serebela tangu kuzaliwa. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na mwendo wake haukuwa imara. Lakini fahamu zake zilikuwa timamu, na alikuwa ameolewa na kupata mtoto. Kwa upande mwingine, jeraha dogo tu likitokea mahali pabaya kwenye shina la ubongo, mtu anaweza kuzama katika koma huku zile bilioni 86 karibu zote zikiwa hazijaguswa.

Ukitaka uthibitisho mwingine kwamba wingi hauamui, angalia simu. Chipu iliyowekwa kwenye simu za bei kubwa za Apple mwaka 2023 ina transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, bilioni 19. Simu tano za aina hiyo zina transista nyingi kuliko seli za neva za kichwa kizima. Najua transista si seli ya neva. Seli moja ya neva hufanya kazi ambayo transista nyingi zingehitajika kuiiga. Zidisha basi simu hizo kwa milioni, kwa milioni mia, bado hazifikii idadi ya simu za kisasa ambazo dunia imekwisha kuuziwa. Hoja ya haba na haba hujaza kibaba inafaa kwa vitu vinavyojumlishwa, na hakuna dalili kwamba fahamu ni mojawapo.

Gamba la ubongo lina nini basi ambacho serebela haina? Jibu linahusu mpangilio. Serebela imejengwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, vimepangwa sambamba, na kila kimoja hupokea taarifa upande huu na kutoa jibu upande ule bila kujishughulisha sana na kilicho jirani. Kwenye gamba la ubongo, eneo moja likipeleka ishara kwenye eneo jingine, karibu kila mara kuna njia ya kurudi. Yote mawili yanawasiliana pia na thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, nayo inajibu. Ishara huzunguka, hurudi zikiwa si zile zilizotoka, na kulibadilisha eneo lililozituma. Kabla ya sekunde moja kwisha, maeneo mengi yamegusana kiasi kwamba huwezi kueleza hali ya moja bila kutaja hali ya mengine.

Giulio Tononi, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliligeuza jambo hili kuwa nadharia rasmi mwaka 2004. Kwa maelezo yake, kiwango cha fahamu ni kiwango cha taarifa ambayo mfumo unayo ukiwa mzima, ambayo ingepotea ukigawanywa vipande. Kipimo hicho alikipa herufi ya Kigiriki, fai. Mfumo ambao ishara zake huenda mbele tu na hazirudi una fai ya sifuri, hata ungekuwa na ukubwa wa dunia nzima.

Usiichukue nadharia hii kama neno la mwisho. Mwaka 2023 wanasayansi zaidi ya 100 walitia saini barua ya wazi wakiiita sayansi bandia, lugha ambayo kwa maoni yangu ilizidi kipimo. Mwaka huohuo mjini New York, Christof Koch, mmoja wa watetezi wake wakubwa, alimkabidhi mwanafalsafa David Chalmers kreti ya mvinyo mbele ya watu. Waliwekeana dau mwaka 1998: Koch alisema miaka 25 haitapita kabla ya alama ya wazi ya fahamu kupatikana ndani ya ubongo, na Chalmers alisema itapita. Ilipita. Uwanja huu bado una mabishano makali, na anayekuambia fahamu imekwisha kuelezwa anakudanganya.

Hata hivyo, ukienda kwa wapinzani wa Tononi hukuti mtu anayesema kwamba wingi wa viungo unatosha. Nadharia inayoshindana nayo zaidi, iliyoanzishwa na Bernard Baars mwaka 1988 na kuendelezwa na Stanislas Dehaene huko Ufaransa, inasema taarifa huwa ya fahamu inapotangazwa kwa ubongo mzima kwa wakati mmoja, hivi kwamba kumbukumbu, maneno, mikono na maamuzi vyote vinaweza kuitumia. Njia ni nyingine, lakini sharti linafanana: lazima pawepo na kitu kimoja, na sehemu zake zibadilishane hali zao.

Twende sasa kwenye intaneti yenyewe, maana hapa ndipo jibu langu lilipo.

Miaka ya 1960, Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza walifikia wazo lilelile, kila mmoja kivyake. Badala ya kuwawekea watu wawili laini nzima ili wazungumze, ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kipewe anwani, kisha viachwe vitafute njia. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita pakiti. Baran alikuwa akitafuta mtandao ambao ungeendelea kufanya kazi hata baadhi ya vituo vyake vikiteketezwa katika vita vya nyuklia. Fikiria maana ya lengo hilo. Sifa iliyotafutwa tangu mwanzo ni kwamba sehemu moja ikifa, nyingine zisijali. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulitumwa kutoka UCLA, chuo kikuu kilichoko Los Angeles, tarehe 29 Oktoba 1969, na kompyuta ya upande wa pili ikaanguka baada ya kupokea herufi mbili. Mtandao huo ulihamia rasmi kwenye itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, za TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, na ndizo tunazotumia hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliandika kanuni ambayo wahandisi wa mitandao huijua kwa moyo: kazi inayohitaji uelewa wa ujumbe ifanywe kwenye ncha, yaani kompyuta ya anayetuma na ya anayepokea, na katikati pabaki parahisi kadiri iwezekanavyo. Ruta, kifaa cha njiani kinachoelekeza pakiti, ikipokea pakiti husoma anwani, huchagua mlango wa kuitoa, na kusahau. Ni mbeba barua asiyefungua bahasha, na jioni hakumbuki asubuhi alipeleka nini kwa nani. Mafanikio ya intaneti yametokana na ujinga huo wa makusudi. Kwa sababu mtandao haukuuliza ndani ya pakiti kuna nini, uliweza kubeba barua pepe, kisha wavuti ambayo Tim Berners-Lee aliipendekeza akiwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 1989, kisha picha, kisha filamu, bila kulazimika kujengwa upya kila mara.

Siku hizi ruta haiwezi kufungua bahasha hata ikitaka, kwa sababu sehemu kubwa ya trafiki, yaani data inayopita, imesimbwa kwa siri. Anayetuma na anayepokea wanao ufunguo. Waliobaki wote njiani wanaona fujo ya namba. Sasa fikiria ubongo wa namna hiyo, ambao karibu kila ishara inayopita imefungwa ili seli mbili tu ziielewe na nyingine zote zisiielewe. Humo hamtakuwa na akili moja. Mtakuwa na mazungumzo ya faragha mabilioni kwa mabilioni yanayopita kwenye fuvu moja bila kusikizana. Watu hudhani kila kebo mpya inaisogeza intaneti karibu na fahamu. Mimi naona kila hatua ya kulinda faragha imekuwa ikiisogeza mbali, na sina malalamiko.

Kuna na suala la kujifunza. Mwanasaikolojia Donald Hebb alieleza mwaka 1949 kwamba seli za neva zinazofanya kazi pamoja huimarisha kiungo kilicho kati yao, na utafiti uliofuata umempa haki kwa sehemu kubwa. Ubongo hujijenga kwa kutumika. Kebo ya intaneti haiongezeki unene kwa kuwa imetumika sana. Inaongezwa kampuni inapoona faida, baada ya vikao, mikopo na vibali.

Nisije nikaonekana naificha hoja ya upande wako, nikupe iliyo nzuri kuliko zote ninazozijua. Oktoba 1986 intaneti ilipata msongamano mbaya. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yasiyofika nusu kilomita kati yake, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilipoona pakiti zake hazifiki ilizituma tena, na kwa kuzituma tena ikazidisha msongamano uleule. Van Jacobson na wenzake walitoa dawa: kila kompyuta iangalie dalili za foleni na ijipunguze yenyewe, kisha iongeze taratibu njia ikifunguka. Hadi leo mabilioni ya vifaa vinafanya hivyo kila sekunde, na hakuna mkubwa anayeviamuru. Hapo intaneti inafanana na kiumbe kuliko mahali pengine popote, na nikiwafundisha wanafunzi sehemu hiyo huwa naona macho yao yanabadilika. Lakini kinachozunguka humo ni neno moja tu, punguza au ongeza, na kila muunganisho unajipimia wenyewe. Mwili wako pia umejaa mizunguko ya namna hiyo, ya sukari, ya chumvi, ya joto, na mingi kati yake huendelea vilevile ukiwa chini ya nusukaputi.

Kasi, kwa taarifa yako, si kikwazo. Wengine husema dunia ni kubwa mno kwa akili moja. Mwanga hupita kwenye kebo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, wakati ishara ya neva iendayo mbio kuliko zote hupita kwa mita 120 hivi. Kwenda upande wa pili wa dunia na kurudi ni sehemu moja ya tano ya sekunde kwa hesabu ya fizikia, ingawa kwa hali halisi huzidi. Na hata akili ya polepole ingekuwa akili.

Pengine utaniambia kwamba akili hiyo haitakuwa ya ruta na kebo, itakuwa ya watu na mashine kwa pamoja, maana umeandika "sisi tulio ndani yake". Takriban watu bilioni 5.5 walikuwa wakitumia intaneti mwaka 2024. Je, hao pamoja hawawezi kuwa kitu kimoja kinachojisikia?

Wanafalsafa wamelichezea wazo hili kwa uzito. Ned Block aliuliza mwaka 1978 ingekuwaje kama raia wote wa China wangepewa redio na kila mmoja akaigiza seli moja ya neva: je, taifa zima lingeumwa jino? Yeye aliona ni upuuzi kusema ndiyo. Mwaka 2015 Eric Schwitzgebel aliligeuza swali: ikiwa fahamu inatokana na maada iliyopangwa vizuri na si zaidi ya hapo, basi ni vigumu kueleza kwa nini Marekani kama nchi isiwe na fahamu. Sikubaliani naye, lakini kumjibu vizuri si kazi rahisi, na anayeona ni rahisi hajamsoma kwa makini.

Jibu langu linaanza na upana wa njia. Nusu mbili za ubongo wako zimeunganishwa na fungu la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, alichunguza wagonjwa waliokatwa fungu hilo ili kutulizwa kifafa. Mkono wa kushoto ungeweza kuchukua kitu ambacho mdomo ulishindwa kukitaja, kwa kuwa nusu inayosema haikukiona. Iwapo kichwani mwao mlikuwa na fahamu moja au mbili ni jambo linalobishaniwa hadi sasa, na nusu zile zilikuwa bado katika fuvu moja, na mwili mmoja, na shina moja la ubongo. Linganisha na njia iliyopo kati yako na mtu unayezungumza naye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha lugha 17, ulikuta kwamba usemi wa binadamu hubeba takriban biti 39 kwa sekunde, iwe lugha ya haraka au ya polepole. Unaweza kuwa na intaneti ya kasi kubwa kuliko zote nyumbani, ila kati ya kioo cha simu na mawazo yako pana mlango mwembamba wa macho, masikio na vidole. Watu wawili wakiandikiana usiku kucha wanabaki wawili. Nadharia ya Tononi inalitamka hili kwa ukali zaidi: pale ambapo mifumo inaingiliana, ule wenye fai kubwa zaidi ndio wenye fahamu, na mkusanyiko wake hauna. Maadamu ubongo wako umefungamana ndani yake kuliko ulivyofungamana na wengine, fahamu ni yako, na umati hauna yake ya ziada.

(Ukigeuza kanuni hiyo unapata jambo la kutisha kidogo: siku watu watakapounganishwa ubongo kwa ubongo kwa njia pana kuliko zilizomo ndani ya kila kichwa, kwa hesabu za Tononi fahamu ya kila mmoja ingezimika na kubaki ile ya pamoja. Sijui mtafiti anayepanga kujaribu.)

Upo pia mkondo wa fikra unaoanzia kwenye mwili. Watafiti wa ubongo Antonio Damasio, na baada yake Anil Seth, wanashikilia kwamba fahamu imesimama juu ya kazi ya kujihifadhi hai: moyo, pumzi, njaa, joto. Hisia, kwa maelezo yao, ni namna kiumbe kinavyozipata habari zake mwenyewe, kama anaendelea vizuri au anaelekea kufa. Wakiwa sahihi, intaneti imekosa msingi kabisa. Data nyingi mno zinazovuka bahari hupita kwenye kebo za chini ya maji, na kebo hizo hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, nyingi zikitokana na nanga na nyavu za wavuvi. Inayozitengeneza ni meli yenye mabaharia na mafundi. Intaneti haijawahi kujitibu jeraha hata moja.

Kuhusu akili bandia nitasema kidogo, kwa sababu ni swali jingine ambalo watu hulichanganya na lako. Programu zinazojibu maswali kwa lugha ya watu hukaa kwenye vituo vya data. Intaneti huwa njia tu ya kuzifikia, na zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta iliyokatwa mtandao wote. Mwaka 2022 mhandisi mmoja wa Google alidai hadharani kwamba programu aliyokuwa akiipima ilikuwa na hisia. Kampuni ilikataa, na wataalamu wengi walikataa pia. Mwaka uliofuata, wanasayansi na wanafalsafa 19 walichapisha ripoti iliyopima mifumo iliyokuwepo kwa masharti yaliyotokana na nadharia mbalimbali za fahamu. Hawakuona mfumo wenye sababu ya nguvu ya kudhaniwa kuwa na fahamu, lakini pia hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi kwa wakati ujao. Ningeulizwa wapi pa kuelekeza macho, ningesema kwenye mashine zilizofungamana hivyo, si kwenye mtandao unaozibeba.

Nafika kwenye swali lako la pili: pengine imekwisha kuamka na hatujui. Kwa kweli seli ya neva haijui kwamba mwenye kichwa anawaza, kwa hiyo kutojua kwetu peke yake hakuthibitishi lolote. Lakini hatulazimiki kuishia hapo, kwa sababu tunayo njia ya kupima fahamu bila kumuuliza mwenyewe.

Marcello Massimini, mtafiti wa Italia, aliianza akiwa na Tononi. Unaushtua ubongo kwa mpigo wa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha unasikiliza mwangwi wake kwa nyaya zilizobandikwa kichwani. Mtu akiwa macho, mwangwi unasambaa mbali, na kila eneo linajibu kwa namna yake, kwa mpangilio mgumu kuufupisha. Akiwa katika usingizi mzito, walionyesha mwaka 2005, jibu linabaki palepale lilipopigwa na kuzimika. Mwaka 2013 Massimini na wenzake waliligeuza kuwa namba moja, kwa kuangalia jinsi rekodi ya mwangwi inavyoweza kubanwa na programu kama faili la kompyuta, na namba hiyo iliwatenganisha watu walio macho na waliolala au waliopewa nusukaputi. Mfumo unaweza kushindwa kwa njia mbili. Ama mshtuko unafia pale ulipopigwa, ama unasambaa kote lakini kila mahali panafanya jambo lilelile. Hili la pili ndilo linalotokea katika kifafa cha mwili mzima: seli nyingi mno zinafanya kazi, zote kwa pigo moja, na mtu anapoteza fahamu.

Kipimo hicho kilitengenezewa watu, na ninakiazima kwa tahadhari. Lakini intaneti imeshtuliwa mara nyingi, nasi tulirekodi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilijiondoa kwa bahati mbaya kwenye ramani ya njia za intaneti, ikatoweka kwa takriban saa sita pamoja na WhatsApp na Instagram. Maswali ya "iko wapi?" kutoka kwenye simu yalifurika kwenye seva za majina, kompyuta zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, watu wakahamia kwingine, na sehemu kubwa ya mtandao ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kebo inapokatwa ni hivyohivyo: trafiki inageuzwa njia, mshtuko unaishia jirani. Huo ni usingizi mzito. Tarehe 25 Januari 2003 tuliona aina ya pili. Kirusi cha kompyuta kilichoitwa Slammer mwanzoni kilikuwa kinaongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na ndani ya dakika 10 kilikuwa kimeziingia zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zilizokuwa na udhaifu kilioutafuta. Hapo mtandao wa dunia nzima ulijibu kwa pamoja, na kila mashine iliyoambukizwa ilifanya kitu kimoja: ilituma nakala ileile. Hicho ni kifafa.

Aina ya tatu, ya mtu aliye macho, sijaiona katika rekodi yoyote ya trafiki. Wala hoja kwamba intaneti inajificha hainisumbui. Kujificha kunahitaji kwanza kuwe na anayejua kwamba anatafutwa, na hilo ndilo linalotakiwa kuthibitishwa.

Ningebadili mawazo nikiona hivi: kebo inakatwa katika bahari moja, na mifumo isiyohusiana nayo kibiashara wala kiufundi inabadilika mbali huko, kila mmoja kwa namna yake, kwa mpangilio unaojirudia kebo hiyo ikikatwa tena, na usioelezeka kwa tabia za watumiaji wala kwa programu tulizoziandika sisi. Wa kwanza kuligundua watakuwa mafundi wa zamu wanaofuatilia trafiki ya dunia saa 24. Wataliandika kwenye daftari la hitilafu, chanzo hakijulikani, na nina hakika watabadilisha vifaa vingi sana kabla ya mmoja wao kuthubutu kutaja fahamu.